Utepe wa Mama Tupo

Mchukuzi aliteleza kwenye reli yake bila kelele, akasimama mbele ya rafu, akanyoosha mkono mwembamba wa chuma na kuchomoa kaseti moja kati ya maelfu. Hakuhitaji taa. Ndani ya kilima kile kulikuwa na giza na baridi mwaka mzima, na roboti huyo alizijua kaseti zake kwa kuzigusa tu. Aliigeuza, akaikagua kila upande, kisha akapanda nayo hadi ukumbi wa juu, ambako mwanamke wa makamo alikuwa ameketi kwenye kiti cheupe, akiwatazama watu wote kwa adabu ya mgeni.

Mwanamke huyo aliitwa Sekela. Yeye mwenyewe hakujua.

"Karibu, baba," alimwambia mwanamume aliyesimama karibu yake. "Na wewe unamsubiri daktari?"

Mwanamume huyo, Ambakisye Mwaipopo, alikuwa mumewe kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Ndiyo, mama," alijibu. "Nasubiri."

Mji wa Kitulo Mpya ulijengwa juu ya nyanda za juu kwa sababu ya baridi yake. Miaka mingi kabla ya hapo, ugonjwa wa ukungu ulikuwa umeenea nchini. Haukuua haraka. Ulimla mtu kumbukumbu kidogo kidogo, kuanzia za jana na kurudi nyuma, mpaka akabaki na mwili mzima na macho yasiyomjua mtu. Dawa haikupatikana. Kilichopatikana ni kikumbushi, kifaa kidogo kama punje ya mahindi, kinachopachikwa nyuma ya sikio. Siku ya kupachikwa kilinakili kila ambacho ubongo ulikuwa bado umekishika, na baada ya hapo kilikumbuka kwa niaba yake. Watu walirudi makazini, wakaoa, wakagombana na majirani kama kawaida.

Ila vikumbushi huungua. Kwa hiyo kila mwaka mgonjwa alipanda mlimani, na vilivyomo kichwani mwake vikaandikwa kwenye utepe wa sumaku, ule ule wa zamani, uliokunjwa kwenye gurudumu ndani ya kaseti ya plastiki. Wageni waliotoka miji mikubwa walishangaa kuona teknolojia ya mababu katika jengo la kisasa namna ile. Lakini utepe hauli umeme ukiwa rafuni, na hakuna mwizi anayeweza kuufikia kutoka mbali. Kumbukumbu za watu zilikwisha kuibwa na kuuzwa hapo nyuma, na aibu za nyumbani zikatazamwa na dunia nzima. Ndipo sheria ikapitishwa: mtu mmoja, utepe mmoja, bila nakala.

Kikumbushi cha Sekela kiliungua Jumatatu, alipokuwa akichambua maharage. Alipachikwa kipya, kitupu. Sasa kilichobaki ni kukijaza.

Inginia Ezelina Mbilinyi, mkuu wa mitambo wa Hazina ya Kumbukumbu, aliipokea kaseti kutoka kwa mchukuzi na kuitia kwenye kisomeo. Alisikia pini ikinasa ncha ya utepe, kisha gurudumu likaanza kuzunguka kwa mlio laini alioupenda. Kazi hiyo aliifanya mara nyingi, lakini bado kila safari alisimama pale pale, pembeni kidogo ya kiti, ili aone uso wa mgonjwa ukibadilika.

Sekela aliinua kichwa. "Mama ananiita," alisema. Kisha akacheka. "Nimeangusha ndoo. Ndoo ya watu!" Alitaja mto, akataja shangazi, akataja shule yenye bati jekundu. Miaka ilikuwa ikimwingia kwa mpangilio, kama maji yanavyoingia mtungini. Alipofika kwenye harusi yake alimgeukia yule mwanamume aliyesimama karibu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ambakisye," alisema.

Ambakisye alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Hapo kisomeo kikabadili sauti. Gurudumu lilisimama, likarudi nyuma kidogo, likaenda mbele, likarudi tena. Mlio ule laini ukawa mkwaruzo. Taa nyekundu iliwaka, na kaseti ikatemwa nje.

Ezelina alijua kitakachofuata, akatamani asiwepo. Kikumbushi hakikubali nusu. Umiminaji ukikatika, kinafuta kilichoingia na kusubiri upya. Uso wa Sekela ulitulia, ukawa tena uso wa mgeni.

"Baba, mbona unalia?" alimuuliza mumewe kwa huruma. "Umefiwa?"

*

"Tuna siku ngapi?" Ezelina aliuliza.

Daktari Rukia Machano alipitia kwanza vipimo vya Sekela. Alikuwa mwanamke mtaratibu aliyekulia Unguja, na hakupenda kusema jambo mpaka alihakikishe. "Chache," alisema hatimaye. "Kichwa kikikaa kitupu, na mwili nao husahau. Ataanza kusahau kumeza. Baadaye kupumua. Ufanye haraka, lakini usifanye pupa. Tafadhali."

Kisomeo kikitema kaseti, swali la kwanza ni moja tu: mgonjwa ni nani, kaseti au kisomeo? Anayekosea hapo huharibu vyote viwili, kwa sababu kisomeo kibovu hukwaruza kaseti nzima, na kaseti mbovu huacha uchafu unaoharibu kisomeo. Ezelina aliwakataza wasaidizi wake kuingiza kaseti ya mtu mwingine yeyote kwenye mtambo ule, ingawa foleni ilikuwa ndefu na ndugu wa wagonjwa walikuwa wameanza kunung'unika koridoni.

Alianza na lililo rahisi. Kaseti ilikuwa imetoka kwenye baridi ya kilimani na kuingia ukumbi wenye joto, na ukungu wa Kitulo hupenya hata pasipo na tundu. Huenda unyevu ulikuwa umeganda juu ya utepe. Aliiacha itulie ukumbini hadi kesho yake, mpaka joto la kaseti na la chumba yakalingana. Aliirudisha. Sekela aliitwa na mama yake, akaangusha ndoo, akaolewa, akamtambua mumewe. Taa nyekundu ikawaka.

Alitia kaseti ya kusafishia, ile yenye utepe mkavu unaofuta kichwa cha kusomea. Kisha akajaribu kisomeo kwa kaseti ya majaribio ambayo haikuwa na maisha ya mtu. Ikasomeka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Alihamia kisomeo cha pili, kilichokuwa kipya kabisa. Kaseti ya Sekela ikakwama tena, na ikakwama mahali pale pale.

"Basi ni kaseti," Ezelina alimwambia daktari. "Na ni sehemu moja tu ya kaseti. Sitaiingiza tena. Kila nikijaribu naiumiza."

"Na yeye pia," alisema Daktari Machano. Kila jaribio Ambakisye alitambuliwa kisha akasahaulika, na sasa alikuwa ameomba akae nje mpaka kazi iishe.

Ezelina alivaa glavu na kofia, akaingia katika chumba kisicho na vumbi, akaifungua kaseti kwa mikono yake. Pini ilikuwa imara. Gurudumu halikulegea. Kingo za utepe zilikuwa zimenyooka, bila mkunjo hata mmoja. Alianza kuukunjua polepole chini ya kioo cha kukuzia, akiupitisha kati ya vidole. Ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, safi, kama ulivyotoka kiwandani.

Kisha rangi ikaanza kupauka. Kadiri alivyovuta, ndivyo ilivyopauka, mpaka akafika mahali ambapo utepe uling'aa kama goti la suruali kuukuu ya shule. Unga wa sumaku ulikuwa umelika. Sehemu nyingine aliweza kuona vidole vyake upande wa pili. Halafu, baada ya kipande kirefu, kahawia ikarudi, ikaendelea safi hadi mwisho.

Alikaa akiutazama. Joto haliwezi kuumiza utepe namna ile, wala unyevu hauwezi. Kitu kimoja tu hula katikati ya utepe na kuacha kwingine kote kuzima. Ni kuusoma. Kuusoma, kuurudisha, kuusoma tena, mahali pale pale, kwa miaka.

*

Alimkuta Ambakisye kwenye benchi karibu na mgahawa, kikombe cha chai kikiwa kimepoa mkononi mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Inginia. Imekubali?"

"Bado." Ezelina alikaa karibu yake. "Mzee, naomba nikuulize kitu. Hapa kwetu kuna Chumba cha Kutazamia. Mgonjwa akimruhusu ndugu yake, anaweza kuingia akatazama kumbukumbu zake kutoka kwenye utepe wenyewe. Kuna mtu amekuwa akiutazama utepe wa mama?"

Ambakisye aliweka kikombe chini. "Ni mimi. Kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa?"

"Aliniruhusu mwenyewe. Kwani tumevunja sheria?"

"Hapana, mzee. Hamjavunja sheria yoyote."

Alimtazama inginia usoni, na bila shaka aliona kitu, kwa sababu alianza kusimulia kabla hajaulizwa zaidi.

Ujana wake wote alikuwa fundi wa Kituo cha Jua, ule mtambo mkubwa unaoelea angani na kutuma umeme duniani. Kazi ilikuwa huko huko juu. Alishuka kwa likizo fupi, akakaa kidogo, akapanda tena. Binti yao wa pekee, Tupokigwe, alizaliwa yeye akiwa angani. Alianza kutembea yeye akiwa angani. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alipatwa na homa ya uti wa mgongo. Chombo cha kumshusha baba yake kilizuiwa na dhoruba. Alipokanyaga ardhi, kaburi lilikuwa limekwisha kusakafiwa.

"Mama Tupo alimzika peke yake," alisema. "Baada ya hapo hakulitaja tena jina la mtoto, ila kwa kuniita mimi Baba Tupo. Nilikuwa nikimwuliza: alikuwaje? Alipenda nini? Anainuka, anaenda jikoni. Mimi nilikuwa baba wa picha, Inginia. Mtoto wangu nilimjua kwenye skrini."

Mtu alipita na sinia la maandazi, akawasalimia, wakaitikia.

"Ukungu ulipompata na akapachikwa hicho kifaa, siku moja akaniambia: nenda mlimani ukaone mwenyewe. Mimi kusimulia siwezi. Basi nikawa nakuja. Nikaona yote kwa macho yake. Tupo alikuwa na kuku, amewapa majina ya walimu wake wa shule. Mwalimu Fyandomo alikuwa jogoo!" Alicheka, na kicheko kikakatika. "Nimeiona mikono ya mke wangu ikiosha miguu ya mwanangu kwenye beseni jioni, matope yote yanatoka. Pale nilikuwa nabonyeza tena. Na tena. Naomba uniambie, Inginia. Ni pale ndipo panapokwama?"

Ezelina alikuwa amekibuni kile kitufe cha kurudia kwa mkono wake mwenyewe, ili mtazamaji asihangaike kutafuta. Watengenezaji wa utepe walikuwa wameahidi kwamba ungedumu kuliko maisha ya mtu. Hakuna aliyewauliza ungedumu vipi chini ya mtu anayependa.

"Ndiyo," alisema. "Umelika. Kuanzia ujauzito hadi mazishi."

Ambakisye hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyetwishwa mzigo akiwa bado hajajiandaa.

"Nimemla mwanangu," alisema.

"Mzee, usiseme hivyo."

"Niseme nini kingine?"

Ezelina akamweleza kilichowezekana. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuupitisha utepe polepole sana, na kuomba kwamba kipande kile kitoe chochote kilichobaki. Lakini kilikuwa chembamba mno. Kikikatika ndani ya kisomeo kingejisokota na kuukokota utepe wote, na Sekela asingerudi kabisa. Njia ya pili ni kukikata kipande kilicholika na kuziunga ncha mbili nzima. Kisomeo kingeona utepe mmoja. Sekela angerudi na utoto wake, ndoa yake, na miaka yote iliyofuata baada ya msiba.

"Bila Tupo," alisema Ambakisye.

"Bila Tupo."

"Na mimi siwezi kukitazama mara ya mwisho? Hata kidogo?"

"Hapana, mzee. Hakuna cha kutazama tena."

Alitazama kidole alichokuwa akibonyezea. "Kata," alisema.

"Kipande nikuhifadhie?"

"Sitaki kukiona."

*

Daktari Machano hakufurahishwa. Alimwita Ambakisye ofisini kabla ya umiminaji, Ezelina akiwepo.

"Atakuwa na shimo," alimweleza. "Ubongo haupendi mashimo, utatafuta cha kuzibia. Ushauri wangu ni msimwambie. Akiuliza kuhusu jina la Mama Tupo, mwambie ni la utani, mlipewa na majirani. Mzee wangu, hebu fikiria. Huyu ni mama ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hatakuwa na msiba. Mwache apumzike."

Ambakisye alimshukuru, akatoka. Ezelina alidhani amekubali. Pengine, kwa wakati ule, alikuwa amekubali kweli.

Ezelina alikata utepe kwa wembe wa kioo. Aliziunga ncha mbili kwa gundi nyembamba kuliko unywele, akasubiri ikauke, akairudisha kaseti katika umbo lake.

Siku hiyo ukungu wa nje ulikuwa umetoweka, na jua la asubuhi liliingia ukumbini hadi miguuni pa kiti cheupe. Sekela alikuwa amedhoofika. Muuguzi alikuwa ameshindwa kumnywesha uji. Kaseti iliingia, pini ikanasa, gurudumu likazunguka. Mama alimwita. Ndoo ikaanguka. Shangazi, mto, bati jekundu, harusi. Ezelina alishika ukingo wa mtambo. Utepe ulifika kwenye kiungo, ukapita, na mlio haukubadilika.

Sekela alishtuka kidogo tu, kama mtu aliyekosea ngazi moja akishuka. Kisha akaendelea. Nyumba mpya, bustani ya viazi, ugonjwa, majirani, safari ya mwisho ya kupanda mlimani. Taa ya kijani ikawaka na kaseti ikatoka yenyewe, salama.

Alimtafuta mumewe kwa macho, akampata, akatabasamu tabasamu ambalo Ambakisye alikuwa hajaliona tangu walipokuwa vijana. Halikuwa na uzito wowote.

"Baba Tupo," alisema, "mbona umechakaa hivyo? Hawa watu hawakupi chakula?"

Ambakisye alipiga magoti karibu na kiti na kumshika mkono. Muuguzi alikuwa akipangusa machozi, na hata Daktari Machano alikuwa akitabasamu. Sekela aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha paji la uso likakunjamana.

"Tupo," alisema polepole, kama anayeonja chakula kigeni. "Nimekuita Baba Tupo. Na mimi mtaani wananiita Mama Tupo." Alimgeukia mumewe. "Tupo ni nani?"

Daktari alifungua kinywa. Ambakisye aliinua mkono, bila kumwangalia, kumwomba asiseme.

"Kuna kaburi pia," Sekela aliendelea. "Nalipalilia. Naona mikono yangu, naona jembe dogo, naona nimepeleka maua. Kila mwaka. Sioni la nani. Ambakisye, nimekuwa nikimpalilia nani?"

Ezelina alimwona mwanamume yule akipigana na nafsi yake. Jibu la jina la utani lilikuwa pale, limeandaliwa, na lingeingia kwa urahisi. Tabasamu lile lingedumu, na yeye angerudi nyumbani na mke mchangamfu. Angebaki na binti yao peke yake mpaka afe.

"Ni mtoto wetu," alisema.

"Tuna mtoto?"

"Tulikuwa naye. Tupokigwe. Aliishi miaka tisa."

Sekela aliupeleka mkono mdomoni. Hakulia. Alitafuta ndani yake kitu cha kulilia na hakukipata, na kukosa huko kulimtisha kuliko habari yenyewe. "Mimi ni mama gani," alinong'ona, "nisiyemjua mtoto aliyetoka tumboni mwangu?"

"Kosa ni langu. Nitakueleza lote, si leo."

"Basi nisimulie yeye. Alikuwaje?"

"Mimi sikuwepo, Sekela. Nilikuwa juu. Yote uliyaona wewe."

"Basi niambie nilichokiona."

Ambakisye alivuta kiti, akakaa wakitazamana, magoti yao yakigusana.

"Alizaliwa asubuhi," alianza, "mvua inanyesha. Ulikuwa na kiu sana, na mkunga alikuletea maji kwenye kikombe cha bati chenye pengo. Ulipompokea ulimgeuza kwanza ukahesabu vidole vya miguu. Kimoja ulikihesabu mara mbili, ukadhani kimezidi. Ukacheka mpaka mkunga akakukemea."

Ezelina aliuzima mtambo ili usivume. Muuguzi na daktari waliondoka wakinyata, naye akawafuata, lakini mlangoni akasimama. Nyuma yake sauti ile ya chini iliendelea. Ilifika kwenye hatua za kwanza, ikafika kwa kuku na majina yao ya walimu, na Sekela akacheka pale panapochekesha. Ilifika kwenye beseni, na matope ya jioni, na miguu midogo isiyotulia majini. Kisha ikapungua, ikaanza kukatika katika, kwa sababu ilikuwa imefika kwenye homa. Ambakisye hakuruka kitu. Alisimulia kitanda cha hospitali, akasimulia wanawake wa mtaa walioshona sanda, akasimulia udongo.

Ndipo Sekela akaanza kulia, kwa sauti ya juu, akimwita mwanawe kwa jina, kama anavyolia mtu aliyeletewa habari za msiba siku hiyo hiyo. Alimlilia Tupo kwa mara ya pili. Safari hii mumewe alikuwepo.